Mama Mkwe Nyuma ya Magunia

Ukiuliza habari za Phanice pale Kibabii siku hizi, utaambiwa ni mama mpole. Anafuga kuku, anapanda maharagwe nyuma ya nyumba, Jumapili anakwenda kanisani na mwavuli wake hata kama hakuna wingu, na wanafunzi wa chuo kikuu waliopanga vyumba jirani wanamsalimia kwa heshima zote. Mpole! Waliofanya kazi naye Kitale wakilisikia neno hilo watashika mbavu. Phanice mwenyewe hutabasamu tu, akaingia ndani, na humo ndani moyo wake hurudi kule kule kwenye vumbi.

Maana vumbi lilikuwepo, tena si kidogo. Kiwanda cha mbegu za mahindi kilikuwa nje kidogo ya mji wa Kitale, upande wa kwenda Kachibora, na msimu wa kazi ulipofika vumbi la mahindi lilikaa kila mahali: kwenye nyusi, kwenye chai, hata katikati ya kurasa za Biblia ya mtu mkobani. Akina mama waliketi pande mbili za mkanda mrefu uliopitisha mbegu, leso wamezifunga puani, vidole vikichomoa mbegu zilizovunjika na zilizooza. Asubuhi za Kitale hazina huruma, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo walianza kazi wamejikunyata kimya. Kufika saa nne, wanaimba. Mmoja aliuanzisha wimbo wa kanisa kwa Kibukusu, mwingine akaupokea kwa Kikalenjin, na Waithera, aliyeketi mkono wa kulia wa Phanice, akaumaliza kwa Kikuyu, wala hapakuwa na aliyejali kama maneno yalilingana. Tangu hapo Phanice ameimba katika kwaya mbili, zenye walimu na sare, na bado anasema hajasikia kuimba kama kule.

Alifika kiwandani akiwa mjane kijana mwenye binti mmoja mdogo, Linet. Alisema anakuja kwa msimu mmoja tu, apate pa kuanzia. Misimu ikafuatana, Linet akamaliza shule, mvi zikachungulia chini ya kitambaa, na siku moja akina mama wa kwenye mkanda wakamchagua Phanice awe mwakilishi wao. Hakuomba kura ya mtu. Walimchagua kwa sababu alikuwa na mdomo.

Taabu ni kwamba mdomo huo haukuwa na pa kusemea. Mambo ya kazi, nani ahamishwe wapi, zamu ianze lini, nani aliyegombana na nani apewe onyo, yote yaliamuliwa kwenye bucha iliyokuwa ng'ambo ya lango. Jumamosi mchana meneja na Kemboi, mwakilishi wa wapakiaji, yaani wale wanaume wa kubeba magunia, waliketi pale mbele ya nyama choma. Wakala, wakacheka, wakapigana makofi ya mabegani, na Jumatatu akina mama wakaambiwa mambo yamebadilika. Nani kaamua? Imeamuliwa. Phanice alipochoka na hiyo imeamuliwa, alivuka barabara Jumamosi moja, akavuta kiti kwenye meza ile ile na kuagiza nyama yake. Wanaume wakaanza kuzungumzia mpira. Walizungumzia mpira mpaka ubao wa nyama ukabaki mifupa. Wiki iliyofuata mkutano ukahamia baa.

"Si tupike?" Waithera akashauri. Waithera alikuwa mdogo kwa Phanice kwa miaka mingi, mwenye moyo laini na sauti ndogo. "Tupike githeri na chapati, tuwaite hapa ndani. Mwanaume akishiba anasikia."

"Mimi sipiki," Phanice akasema. "Kemboi alipika nini ndio asikizwe?"

Badala ya kupika, waliketi. Zamu ilipoisha hawakwenda nyumbani. Walikaa chini kwenye kijia cha ofisini, miguu wameinyoosha, wakatoa nyuzi zao na kuanza kufuma sweta. Hawakuimba wala kupiga kelele. Meneja alikuwa Bwana Gikonyo, wa jamii zilizohamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri enzi za babu zake, mtu mstaarabu anayeogopa aibu kuliko simba. Kila alipotaka kwenda msalani ilimbidi aruke miguu ya wanawake walio rika la mama yake, "samahani mama, samahani mama," kwenda na kurudi. Hakuimaliza wiki. Mikutano ikahamishiwa ofisini, mchana, na Phanice akapewa kiti.

Lakini kupewa kiti ni jambo moja na kusikizwa ni jingine. Kemboi akipiga meza ngumi, watu walisema leo Kemboi amenena. Phanice akipandisha sauti kidogo tu, waliangaliana kwa huruma, na mmoja angeuliza kama kuna shida nyumbani. Akisema jambo kwa upole, lilipita kama upepo, halafu muda si muda Kemboi alilisema lile lile na likaandikwa. Phanice alilitafutia dawa. Kemboi akirudia maneno yake, yeye alisimama na kumshukuru mbele ya wote: "Asante sana Kemboi kwa kunisomea tena, nilidhani sikusikika." Watu walicheka. Kemboi naye alicheka, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amezoea.

Ndipo akaja Wanyonyi.

Alikuwa kijana wa Chwele, mrefu, mwenye mkoba uliojaa karatasi, aliyeletwa kuwa afisa wa wafanyakazi. Siku ya kwanza walipokutana mezani, Phanice alidai wanawake waja wazito wasiwekwe kwenye kazi ya kusimama. Wanyonyi hakuuliza kama kuna shida nyumbani. Alimtazama machoni akasema, "Mama, hiyo siwezi."

"Sema kwa nini."

Akasema kwa nini. Sababu zake zilikuwa na maana, na hilo lilimuudhi Phanice kabisa. Alikwenda nyumbani, akazikalia usiku mzima kichwani, na kesho yake akarudi na majibu. Wanyonyi akaleta sababu nyingine. Wakabishana siku tatu nne, siku moja mpaka karani akafunga dirisha kwa sababu madereva wa malori walikuwa wamekusanyika nje kusikiliza. Kijana alipaza sauti, mama akapaza zaidi, na mwishowe wale waja wazito wakapata viti, na Phanice akakubali kitu kimoja alichokuwa amekikataa. Wanyonyi akamsindikiza hadi mlangoni.

"Kesho tena, mama?"

"Kesho tena. Na ujitayarishe, bana."

Alirudi nyumbani kwake mtaa wa Kipsongo akiwa amechoka na kufurahi, kama mtu aliyeshinda akilima shamba lake mwenyewe. Katika maisha yake yote, wanaume walikuwa wamempuuza, wamemhurumia, wamemnyamazisha na, mara moja moja, wamemwogopa. Huyu alikuwa wa kwanza kumbishia. Hiyo ndiyo miaka anayoikumbuka. Ukimkuta leo amekaa na sufuria ya maharagwe mapajani, mikono imesimama, ujue yuko ndani ya ofisi ile, Wanyonyi anasema siwezi, na yeye anasema sema kwa nini.

Sasa, Linet alikuwa anafanya kazi mjini kwenye duka la dawa za mifugo. Siku moja mama yake alisahau miwani, Linet akaipeleka kiwandani. Nani aliyemfungulia lango, nani aliyemwonyesha njia, nani aliyemsindikiza kurudi, Phanice hakuuliza. Alikuwa akifikiria hoja za kesho. Mtu anayejua kila njama ya kiwanda kizima, iliyokuwa ikipikwa ndani ya nyumba yake mwenyewe hakuisikia harufu.

"Mama, kuna mtu anataka kuja nyumbani," Linet akasema jioni moja wakipika.

"Aje. Ni wa kanisani?"

"Wa kazini kwenu."

Phanice akaacha kusonga ugali. "Nani? Usiniambie dereva."

"Wanyonyi."

"Wanyonyi wangu?"

Linet akacheka mpaka akaketi. "Sasa ni wangu, mama."

Phanice alifurahi, tusimsingizie. Hapakuwa na kijana aliyemheshimu zaidi. Lakini furaha haikufika mbali, kwani papo hapo aliona kilichokuja nyuma yake. Kwao Kibabii, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawashikani mikono. Hawaketi chumba kimoja wakatazamana, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anampisha mwenziwe kwa kuingia shambani. Siku ambayo wazee wa Chwele wangekuja na maneno yao, Wanyonyi angekuwa mtoto wake, na asingeweza tena kumtazama machoni.

"Hizo ni za zamani, mama," Linet akamwambia. "Si sisi ni watu wa kanisa?"

"Kanisa halijakataza heshima."

Wala hakusema hivyo kwa kuogopa ndimi za watu peke yake. Alikuzwa nayo, ilikuwa damuni. Wazee walikuja, ng'ombe wakazungumzwa, arusi ikapangwa Desemba, na Jumatatu iliyofuata Phanice alipomwona Wanyonyi langoni, miguu yake yenyewe ilimpeleka nyuma ya lori. Akasimama pale nyuma ya gurudumu, mkoba kifuani, kama mwizi wa kuku. Wanyonyi naye alikuwa amegeuka kuutazama ukuta kwa makini ajabu. Walinzi walicheka, na Phanice alitaka kulia.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe aliyepokea wale ng'ombe, aliketi na Wanyonyi vizuri tu. Walikunywa chai, wakaongea juu ya mbolea, na shemeji akamwombea mtoto wake kazi. Baba anamkaribisha mkwe, mama anamkimbia. Kabla ya hapo Phanice hakuwahi kuliona jambo hilo kuwa na makosa. Sasa aliliona, na hakujua aliweke wapi, kwa sababu heshima yenyewe bado aliipenda.

Wiki chache kabla ya arusi ikaja habari ya mashine. Kiwanda kilikuwa kimenunua mashine yenye jicho la umeme, inayoona mbegu mbovu na kuipuliza nje kabla hujapepesa. Mkanda ungeng'olewa. Wapakiaji kadhaa wangefundishwa kuiendesha, na akina mama wangepewa barua za kwaheri. Hivyo ndivyo mpango ulivyokuwa, lakini kabla ya kutiwa sahihi, wawakilishi walipaswa kuketi na afisa wa wafanyakazi. Yaani Phanice aketi uso kwa uso na mkwewe.

Alimwendea Bwana Gikonyo akamwomba mtu mwingine aongoze mazungumzo upande wa kampuni. Gikonyo akasikitika. Mwingine hakuwepo, na yeye mwenyewe hakuthubutu, maana kijia cha ofisini alikuwa bado anakikumbuka.

"Wacha nizungumzie watu wote," Kemboi akajitolea. "Mama Linet, wewe pumzika. Mambo ya wakwe ni mambo mazito."

Alisema kwa wema, na ndani ya wema huo wapakiaji wake walikuwa wanapata mashine. Phanice akamtuma Waithera. Kwenye mkutano wa kwanza Waithera aliingia amebeba maneno yote waliyopanga, na akatoka nayo yote. Kila alipofungua mdomo kuna aliyeanza kukohoa, au kusema tusonge mbele, au kumwambia atulie, hakuna anayemfukuza mtu leo. Alirudi kwenye mkanda, akaketi, akaanza kuchambua mbegu huku machozi yakidondoka juu yake.

"Walikuwa wananiita msichana," akasema. "Nina watoto wanne, Phanice. Ati msichana."

Hapo ndipo Phanice alipobanwa kabisa. Akiingia na kumkabili Wanyonyi mezani, jamaa za Chwele watapata habari kabla ya jua kutua, na Linet ataolewa akiwa binti wa mama asiye na haya. Jina hilo lingemfuata mpaka kwa wajukuu, kama arusi yenyewe ingebaki. Asipoingia, wanawake wote aliowaimbisha na kuwagombania wanakwenda nyumbani bila hata mtu mmoja kuwapigania. Siku mbili hakula vizuri. Linet alipomuuliza, alisema ni jino.

Jibu alilipata jikoni. Kule kwao, mama mkwe akiwa na jambo la lazima kwa mkwewe, husema akiwa upande mmoja wa ukuta wa jikoni, naye mkwe hujibu akiwa nje upande wa pili. Hakuna aliyemwona mwenziwe, na heshima iko pale pale.

"Nitafutieni ukuta," akamwambia Waithera asubuhi.

Ofisi haikuwa na ukuta wa namna hiyo. Lakini stoo ilikuwa na magunia. Kemboi alipoelezwa alicheka sana, akawaambia vijana wake wayapange katikati ya stoo, marefu kupita kichwa cha mtu. Alidhani mwanamke aliye nyuma ya magunia ni sawa na mwanamke aliyebaki nyumbani. Wakaweka kiti cha Phanice upande mmoja, Waithera na akina mama wengine wakasimama nyuma yake, na upande wa pili wakaketi Wanyonyi, Bwana Gikonyo na Kemboi.

Phanice akasalimu. Sauti ya Wanyonyi ikajibu.

Akaanza kusema. Alipofika kwenye sentensi ya pili, Kemboi akaingilia kati kama kawaida yake: "Lakini mama Linet, wewe elewa..."

"Mama anaongea," Wanyonyi akasema.

Phanice akaendelea. Gikonyo akakohoa ili aseme jambo. "Meneja, samahani. Mama anaongea." Mkwe hawezi kumkata maneno mama mkwe, wala hawezi kukaa akitazama akikatwa na wengine. Hata Kemboi alilijua hilo, kwao nako mkwe ni mkwe. Kwa hiyo Phanice akasema mpaka akamaliza. Hapakuwa na wa kumsoma uso akasema amekasirika. Miaka yote akiwa mfanyakazi hakuwahi kumaliza maneno yake ndani ya mkutano bila kuyapigania, na leo, kwa kuwa ni mama mkwe wa mtu, aliyamaliza. Alifurahi, na hasira ilimpanda hapo hapo, na vyote viwili akavimeza ili afanye kazi.

Hakuomba huruma. Alianza na Kemboi. "Kemboi, vijana wako wamekuomba nini tangu nikujue? Mgongo. Kila mwaka mmoja anaenda nyumbani amepinda. Mmeomba mikokoteni ya kuinulia magunia mkaambiwa hakuna. Sasa mnapewa mashine ya kukaliwa na watu wachache, na wengine wote wanaendelea kupinda. Mimi nasema wapakiaji wapewe mikokoteni, wote. Na mashine wafundishwe wale ambao kazi yao ndiyo inayochukuliwa nayo. Magunia hayataisha, Kemboi. Mkanda ndio unaoisha."

Upande wa pili kukawa na mnong'ono. Baadaye kuna waliosema hiyo ni akili ya kike, kutafutia kila mtu chake. Phanice hataki kusikia maneno hayo. Anasema ni akili ya mtu mwenye masikio, maana aliwasikia wapakiaji wakiugua migongo kila siku, na Kemboi, aliyekuwa mwakilishi wao, alikuwa anasikia harufu ya nyama.

"Hapo," Kemboi akasema, "hapo mama amesema kitu."

Gikonyo naye akasema mikokoteni inaweza kuzungumzwa. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, vizuri mno, na Phanice akaanza kuingiwa na wasiwasi. Wanyonyi hakuwa amepinga hata neno moja. Kila alichosema mama kilijibiwa sawa, mama, ndiyo, mama. Phanice hakuwa amekuja kupokea zawadi ya arusi.

"Bwana Wanyonyi," akaita, na akamwita hivyo kwa makusudi. "Mimi sikuja hapa kama mama yake Linet. Nilikuwa nakuja kwako kabla yake. Ukinipa kitu kwa sababu yake, kesho watasema akina mama walipewa, hawakushinda, na atakayekuja baada yako atakichukua. Kama kuna kitu ungenikatalia zamani, nikatalie leo."

Alisikia kiti kikisogea, karatasi zikifunguliwa.

"Basi, mama," sauti ya Wanyonyi ikasema, na sasa ilikuwa ile sauti ya zamani, "kuna kitu nakukatalia. Wote haiwezekani. Mafunzo ni marefu, na kampuni inataka watu watakaobaki na mashine kwa miaka. Walio chini ya hamsini, nakubali, wafundishwe na wabaki. Waliopita hamsini, hapana. Wapewe haki yao waende."

Nyuma ya Phanice akina mama wakavuta pumzi. Waithera akamshika bega. Kila mtu mle ndani alijua umri wa Phanice, na Wanyonyi aliujua kuliko wote. Phanice alikuwa ametaka kukataliwa kama anavyokataliwa mtu kamili, na sasa amekataliwa.

"Sema kwa nini," akasema.

Akasema kwa nini. Phanice alijua jibu lilikuwepo. Angeweza kulipata, kesho au kesho kutwa, kama angeliruhusu lizunguke kichwani usiku kucha kama zamani. Lakini alisikia pumzi za wale walio nyuma yake, wengi wao vijana, na akajua mlango uliofunguka hapo haungengoja mpaka kesho. Gikonyo angelala akabadili mawazo.

"Andikeni," akasema.

Alisikia kalamu. Halafu akasikia kitu kingine, Wanyonyi akipenga kamasi, na Kemboi akimwambia polepole, pole kijana, pole.

Arusi ilifana. Phanice aliitazama kutoka upande wa akina mama, mbali, chini ya hema lingine, amevaa gauni la bluu, akacheza mpaka viatu vikamuuma. Waithera na wenzake walifundishwa, nao hadi leo wanaendesha ile mashine. Wapakiaji walipata mikokoteni, si yote waliyoahidiwa. Phanice alifunga vitu vyake Kitale akahamia nyumbani kwa marehemu mumewe, Kibabii, akawa mama mpole. Watu walimletea kuku. Akisema jambo kwenye kikundi cha akina mama, wote walikubali. Akisema mahindi yapandwe mapema, yalipandwa mapema. Ungedhani angefurahi. Alikuwa na upweke ambao hakujua amweleze nani, upweke wa mtu ambaye kila anachosema hujibiwa ndiyo, mama. Asubuhi za baridi aliamka akisikia mkanda masikioni, akakaa kitandani akiusikiliza hadi ukapotea.

Linet alipopata mtoto wa pili, alikuja na ujumbe. Mumewe alitaka kufungua njia. Familia zao zina namna yake: mkwe anakuja na mbuzi na blanketi, wazee wa pande zote wanakaa, maneno yanasemwa, na kuanzia hapo mama mkwe na mkwe wanaweza kusalimiana kwa mkono na kuketi pamoja kama watu wengine. Phanice akakubali upesi mno, mpaka Linet akamtazama.

Wakaja Jumamosi. Shemeji aliongoza maombi, mzee wa Chwele akasema ya kwake, blanketi likawekwa mabegani mwa Phanice, na Wanyonyi akaambiwa asogee. Alikuwa amenenepa kidogo. Akanyoosha mkono, macho chini. Phanice akaupokea, na hakuuachia.

"Nitazame," akasema.

Akamtazama. Wazee wakatabasamu, wakingoja baraka.

"Sasa," Phanice akasema, "hiyo hamsini uliitoa wapi?"

Shemeji akashtuka. "Mama Linet! Leo ni siku ya heri!"

"Ninamuuliza yeye. Ilikuwa imeandikwa wapi?"

Ule ukali wa ofisini ukarudi usoni pa Wanyonyi, akavuta kiti karibu. "Haikuwa imeandikwa, mama. Lakini mafunzo yalikuwa ya muda mrefu..."

"Wiki tatu! Waithera aliniambia. Wiki tatu ni muda mrefu kwa nani?"

"Na baada ya mafunzo? Mtu anastaafu, tunaanza upya? Mama, hapo hapana, hata leo nasema hapana!"

"Usinipigie kelele!"

"Si wewe unaanza!"

Linet alitoka jikoni mbio, mtoto mgongoni, akidhani mambo yameharibika. Wazee wa Chwele walikuwa wamesimama na vikombe mikononi, hawajui washike nani. Alimkuta mama yake ameketi mbele kabisa ya kiti, blanketi limemwanguka, machozi yanamtiririka mashavuni na uso umeng'aa. Wanyonyi alipoyaona machozi akanyamaza.

"Usininyamazie," Phanice akamwambia. "Miaka yote hii hakuna mtu amenikatalia kitu. Endelea, baba. Sema kwa nini."